Fundi Nyavu na Paul Wake

Banda la gemu lilikuwa Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka Mwaloni. Mlango wake ulikuwa pazia la kitenge, na kabla hujalifunua, harufu ya dagaa ilikuwa imeshakukaribisha. Ndani mlikuwa na mabenchi mawili, TV ya chogo moja, na PlayStation ile ya kwanza, ya kijivu, imelazwa kifudifudi kama mgonjwa wa mgongo, maana ikikaa sawasawa iligoma kusoma CD. Ukutani mwenye banda alikuwa ameandika kwa mkaa: ANAYEPIGWA ANATOKA. Mchezo mmoja shilingi 100. Ukishinda hulipi tena. Unabaki na padi mkononi unamsubiri mwingine alete mia yake.

Fundi alikuja kama saa tisa alasiri, akiwa amemaliza kushona nyavu za watu. Aliweka mia yake juu ya TV, akakaa, akamchagua Paul. Sikuwahi kumwona akichagua mwingine. Siku nzuri mia ile moja ilimkalisha pale mpaka magharibi, sisi tukipita mbele yake mmoja mmoja kama ndoo za dagaa kwenye mzani. Mwenye banda alimpenda kuliko ndugu yake. Mtu anayekaa kitini kwa mia moja huku akiwatoa wenzake mia ishirini hakosi kuletewa chai na kitumbua.

Ulikuwa mwaka 2006, mwaka wa mgao. Mabwawa ya umeme yalikuwa yamekauka, ziwa lenyewe lilikuwa limerudi nyuma, na mawe ambayo watoto wa umri wangu hatukuwahi kuyaona yalichomoza majini kama vichwa vya viboko. Tulicheza pale umeme uliporuhusu. Gemu yenyewe, Tekken 3, ilikuwa imetoka kwenye mashine za Japani mwaka 1997 na kwenye PlayStation mwaka uliofuata, kwa hiyo huko duniani ilikuwa kikongwe. Kwetu ilikuwa mbichi.

Uzuri wa Tekken ni kwamba haina kitufe cha uchawi. Vitufe ni vinne, na viungo ni vinne: mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, eksi mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Ukishaelewa hilo umeelewa gemu yote, kama ambavyo ukishaelewa kwamba mcheza ngoma ana miguu miwili umeelewa kucheza ngoma. Kasheshe ni kwamba kila mpiganaji ana mwili wake. Vitufe vilevile vinne kwa Hwoarang, Mkorea, vinakuwa mvua ya mateke. Kwa Lei vinakuwa ulevi, anayumba, analala chini, anakupiga akiwa amelala. Kwa King, yule mwenye kichwa cha jagwa ambaye sisi tulimwita Chui, vinakuwa mkamato unaozaa mkamato mpaka unasahau ulianza kukamatwa lini. Mgeni asiyejua kitu tulimpa Eddy, Mbrazili, kwa sababu Eddy hata ukiponda vitufe kwa kiwiko anazunguka vizuri. Baadaye sana nikaja kujua kwamba ule mtindo wake, kapoeira, ulizaliwa na watumwa waliochukuliwa Afrika, wengi wao Angola. Mizizi yake ilikuwa imevuka bahari kwenda Brazil, wenyewe ukaingizwa kwenye gemu na Wajapani, ukachomwa kwenye CD feki, ukatufikia Kirumba kwa basi. Nasi tukaufanya wa wageni.

Mimi nilikuwa na miaka 13 na nilikuwa na tamaa ya macho. Niliwataka wote. Leo Law, kesho Nina, keshokutwa Yoshimitsu na upanga wake. Nilijua mapigo matatu ya huyu na manne ya yule, yale yenye mbwembwe, ambayo benchi zima linasema “aaah!” Kipenzi changu hasa alikuwa Mokujin, lile gogo la mti linalopigana: kila raundi anavaa mtindo wa mpiganaji mwingine, na hakuambii ni wa nani mpaka umrushe ngumi ya kwanza ujionee. Nilijiona yeye. Wenzangu wakaniita hivyo, Moku, na jina lilinikaa hadi nikaenda sekondari.

Sitamtukana mtoto yule. Kucheza wengi kuna utamu ambao mtu wa mmoja haujui. Kwanza humchoki mtu. Pili, ukishaingia ndani ya mwili wa Nina, siku ukikutana naye kwa adui unajua mkono wake unaanzia wapi, maana uliwahi kuuvaa. Tatu, na hili ndilo lililonivuta kuliko yote, unaposhindwa huwa hujashindwa wewe. Ameshindwa Law, ambaye hata hivyo humchezi sana. Ngoja uone nikimshika King. Nilikuwa na visingizio vingi kama wapiganaji wenyewe.

Halafu memori kadi ikapotea. Asiyecheza enzi zile haelewi msiba wake. Tekken 3 ukiiwasha ikiwa haina kumbukumbu inakupa watu 10 tu. Wengi kati ya waliobaki, Mokujin akiwemo, hufunguliwa kwa kuimaliza gemu tena na tena, na kinachokumbuka kwamba ulishaimaliza ni ile kadi. Sijui nani aliichomoa, ila asubuhi ile bandani kulikuwa na kilio. Huyu anamlilia Bryan, yule analilia panda wake. Mimi nilikaa kwenye benchi nimeinamisha kichwa kama mfiwa. Fundi alikuja saa tisa, akaweka mia yake, akakaa, akamchagua Paul. Ilikuwa saa kumi na moja hivi alipogeuka akauliza, “Mbona leo mmepoa?”

Nimwelezee Paul. Ni jitu la judo, jekundu la nguo, nywele zimesimama wima kama fagio la chelewa. Benchi letu lilimdharau kwa sababu hana mbwembwe. Ana vitu viwili. Cha kwanza ni ngumi: chini, kona, mbele, pembetatu, ikikupata inakula kipande cha uhai wako ambacho mwingine angekitafuta kwa mapigo matano. Cha pili ni fagio: anainama, anakufagia miguu, na kama umelegea anakusindikiza na kiwiko. Ukichuchumaa kukinga fagio, unakula ngumi. Ukisimama kukinga ngumi, unakula fagio. Vina nyongeza zake hivyo, lakini kiini ni hapo. Mtu akiniambia leo kwamba huo si ufundi bali ni kubahatisha kwa kurusha sarafu, nitamwambia hata mimi nilisema hivyo, na nilikuwa nimekosea.

Kulikuja kijana kutoka Igoma, mwenye Hwoarang. Alikuja na watu wake watatu, na mia zake kwenye mfuko wa shati zikionekana. Raundi ya kwanza alimpiga Fundi vibaya. Mateke yalitoka kushoto, kulia, juu, chini, yule kijana akibadilisha mguu wa mbele na wa nyuma kama mtu anayeruka kamba, na Paul amekunja mikono anakinga, anakinga, anakosea, anaanguka. Fundi hakurusha kitu. Watu wa Igoma wakaanza kuimba. Mimi nilikuwa nimekaa chini sakafuni, karibu na magoti yake, ndipo nikaona jambo ambalo sijalisahau: Fundi hakuwa anamtazama Paul. Wachezaji wengi, mimi wa kwanza, macho yetu yanakaa kwenye mtu wetu, kama dereva mwanafunzi anayeangalia gia. Macho ya Fundi yalikuwa upande wa pili wa kioo muda wote, na mara mojamoja yalihama kioo kabisa, yakateremka kwenye vidole vya yule kijana.

Raundi ya pili ilianza vilevile. Teke, teke, teke, na la nne. Paul akakinga la nne, na kabla Hwoarang hajarudisha mguu chini, ngumi. Benchi kimya. Mateke tena, matatu, na la nne, na ngumi. Mara ya tatu kijana akawa mjanja, akaishia matatu, akachuchumaa kuikwepa. Fundi naye hakurusha ngumi mapema. Alingoja kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, akaona kichwa kimeshuka, ndipo akairusha, na ngumi ya Paul humfuata mtu hata aliyechuchumaa. Raundi ya tatu kijana aliogopa kuchuchumaa, basi akafagiwa mpaka ikawa aibu. Tekken hupima muda kwa picha 60 kwa sekunde, na ngumi nyepesi huchukua kama picha 10 kumfikia mtu. Karibu sehemu moja ya sita ya sekunde. Hakuna jicho la binadamu linalowahi hapo. Fundi hakuwa na jicho la ajabu. Alikuwa anajua kitakachokuja kwa sababu alikuwa ametumia raundi nzima, akipigwa, kumsoma mtu, na aliweza kumsoma kwa sababu mikono yake haikuwa inamwuliza chochote.

Nenda Mwaloni ukawaone mafundi nyavu. Sindano yao ni kipande bapa kilichozungushiwa uzi, na wavu umetundikwa kwenye kidole gumba cha mguu. Unamsalimia fundi, anaitikia akikutazama usoni, anakuuliza habari za mama, anakutania, anasikia boti inalia huko majini anataja mwenye nayo, na wakati wote huo vidole vinapitisha sindano, vinavuta, vinafunga fundo, jicho moja la wavu, jicho jingine, yote kipimo kimoja. Mkono umeshahitimu, macho yamepewa likizo. Anayejifunza hawezi kukusalimia hivyo. Anayejifunza ameinamia fundo, na boti inaweza kumpita mgongoni asiione.

Ndiyo maana nasema watu humwelewa vibaya mchezaji wa mpiganaji mmoja. Wanadhani amejifungia. Wanadhani anajua kitu kimoja. Piga hesabu: katika wale 10, mtu wa Paul ana mapambano 10 ya kujifunza, Paul na Law, Paul na King, Paul na Paul mwenzake. Aliyewashika wote 10 ana mapambano 100. Fundi kwa mwaka mmoja aliyapitia yale yake 10 mara nyingi mpaka yakaacha kuwa ya Law na ya King, yakawa ya watu: huyu mwenye Law ana haraka, huyu mwenye Law ni mwoga, wawili hawa mwenye banda anawaona sawa, Fundi anawaona tofauti. Mimi katika 100 yangu sikumfikia mtu hata mmoja. Nilikuwa bado najifunza kufunga fundo.

Mjomba wangu aliliona hili haraka kuliko mimi, naye hakuwahi kushika padi. Mama alimtuma siku moja anitoe bandani. Alikuja na fimbo kutoka Kisesa, akafunua pazia, akasimama. Mjomba alikuwa Mgika. Kwa asiye Msukuma nieleze kidogo: ngoma za Wasukuma zina kambi mbili kuu, Bagika na Bagalu, zilizoachwa na waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, na hasa kwenye sherehe ya Bulabo pale Bujora mwezi Juni, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na hakuna jaji mwenye karatasi. Watu huhama. Umati ukikuacha ukaenda kwa wenzako, umeshindwa, na unauona ukienda. Kwa hiyo mcheza ngoma wa kweli hucheza ngoma yake lakini jicho liko kwa umati na kwa hasimu, na kila upande una dawa zake za kuvuta watu. Mtu huzaliwa au huingia upande mmoja, na hapo ndipo anapozeekea.

Mjomba alisimama pale mlangoni nadhani dakika ishirini, fimbo kwapani. Fundi alikuwa kitini. Mwisho akaniinamia sikioni: “Huyu mwenye nywele za fagio ana ngoma yake.” Kisha akauliza, “Na wewe ni wa upande gani?” Nikamwambia kwa fahari kwamba mimi nacheza wote. Akacheka, akasema huko kwao watu wa hivyo wapo, huhama huhama, dawa haiwatambui. Halafu akanichapa, maana ndilo alilotumwa.

Namheshimu mjomba, lakini dunia haikubaliani naye moja kwa moja, na itakuwa uongo nikificha. Korea Kusini kuna mchezaji anayejulikana kama Knee, na sifa yake kubwa ni kwamba humpati kwa mpiganaji mmoja: anawacheza karibu wote, na wengi wao kwa kiwango ambacho wengi wenye kuwashika peke yao hawakifikii. Knee ni jibu la mtoto yule niliyekuwa. Mwenzake wa nchi hiyohiyo, Qudans, jina lake halitengani na Devil Jin, na ndiye aliyechukua ubingwa wa Tekken World Tour mwaka 2017. Halafu Februari 2019 akatokea mtu wa Lahore, Pakistan, Arslan Ash, ambaye wakubwa wa Tekken hawakuwa wakimhesabu, akashinda mashindano ya EVO Japan huko Fukuoka; Agosti akashinda na EVO ya Las Vegas, na aliyepigwa kwenye fainali alikuwa Knee. Knee alifunga safari mpaka Pakistan kwenda kujionea mwenyewe ni maji gani wanakunywa kule. Alikuta vijana waliokulia kwenye vibanda vya mashine. Jirani zetu Kenya nao wana Sylvia Gathoni, QueenArrow, aliyeingia timu ya kulipwa mwaka 2018 kwa Tekken.

Nikimfikiria Knee, sioni mtu aliyemkwepa Fundi kwa kupita njia ya mkato. Naona mtu aliyeshona nyavu za kila jicho, moja baada ya nyingine, kila moja mpaka mkono ukahitimu. Hiyo ni kazi ya maisha na ni mshahara. Sisi wa mia moja hatukuwa na maisha ya hivyo. Kule ambako kila raundi inalipiwa na anayepigwa anatoka, huwezi kujifunza King leo na Nina kesho. Utalipa ada mpaka chai ikuishie. Umaskini ulimchagulia Fundi mpiganaji mmoja, kama ulivyomchagulia kazi moja. Sitaki kuupamba. Ila alichokifanya ndani ya hicho kimoja kilikuwa chake, na hakuna aliyemlazimisha kukifanya vizuri hivyo.

Mabanda yapo bado Mwanza, ila siku hizi ni mpira tu, Simba na Yanga za kwenye kioo, na wachezaji wanasikika wakilalamika kuhusu refa. Ngumi zimehamia majumbani. Mwaka jana nilikwenda kumsalimia Fundi. Ana mvi, ana miwani, nyavu anashonea barazani kwake sasa, maana goti halimpeleki Mwaloni kila siku. Mwanawe wa mwisho ana PS4 ya mtumba, na ndani yake Tekken 7. Mtoto akatuwashia, akatuachia chumba, akaenda kuchota maji.

Fundi aliburuta wavu akaja nao ndani, akaupakata. Akashika padi, akaiweka mbali kidogo na miwani. Wapiganaji walijaa kioo kizima, sura nyingi nisizozijua, wengine na pembe, wengine na mabawa. Alitelezesha kidole mara tatu, nne, akampata: nywele zilezile, fagio lilelile. Akabonyeza. Akaweka padi juu ya godoro.

Nami nikaanza kuwapitia. Huyu dada ana ngumi nzuri, niliona mahali. King yupo, na nywele za manyoya zimeongezeka. Law. Lakini kuna huyu mpya wa Uarabuni, Shaheen, anaonekana ana mambo. Au Hwoarang? Nikarudi juu. Nikashuka.

Niligeuka kumwomba radhi, nikamkuta amechukua sindano, wavu umeshika kidole gumba cha mguu, ananitazama mimi usoni na anatabasamu, na vidole vyake vilikuwa vinafunga jicho la sita.